Mkwaju Mmoja

Shangazi Skaidrīte, ulisema maneno yako hayana ladha,
ndiyo maana hayasomwi.
Ulisema hivyo Februari, theluji imefika kwenye kitasa,
mikono yako ikinuka gundi na ngozi ya mbuzi,
akodiani ya mwalimu Ģederts imelala mezani
kama samaki aliyepasuliwa.

Nikanyamaza. Sikujua bado kwamba aliyeyafungia ni mimi.

Kurasa arobaini na moja uliziandika kwa kidole kimoja:
namna ya kuujua mvukuto uliochoka kwa kuunusa,
kwa nini ulimi wa chuma hupoteza sauti
ukiwekwa karibu na jiko,
nta ipi huyeyuka Julai na ipi huvumilia.
Na wageni wa mwaka mzima walikuwa watatu:
mimi, mimi, na wewe ukichungulia kama kuna mtu.

Akaja Intars kutoka Riga, viatu vyeupe kwenye tope,
akakuuzia dawa: liandike neno akodiani mara sitini,
nyeupe juu ya nyeupe,
mtu asilione, mtambo ulione.
Euro mia nne. Ukamlipa pesa za kuni.
Ukurasa ukapata kigugumizi:
akodiani nzuri akodiani bei akodiani akodiani,
na wewe, unayetunza hata kimya kati ya noti mbili,
uliusoma kwa sauti mara moja, ukafunga kompyuta.

Mtambo haudanganyiki hivyo siku hizi. Nilikueleza vibaya,
ngoja nieleze tena.
Hauna masikio. Hauna hamu ya muziki.
Humtuma mtambazi asiye na uso,
afuataye viungo kama mtu apapasaye ukuta gizani.
Huuliza: mlango unafunguka? Baada ya muda gani?
(Picha zako, shangazi, zilikuwa nzito kama kabati la mwaloni;
simu ya mteja ilikata tamaa kabla ya kibonye cha kwanza kuonekana.)
Huuliza: kichwa kinasema kilichomo tumboni?
Nani amewahi kumtaja huyu, na huyo mtajaji anajulikana na nani?
Kisha huandika kwenye faharasa, au haandiki.

Lakini kabla ya yote hayo, ana adabu.
Hilo ndilo nililosahau.
Hupiga hodi. Pembeni mwa mlango pana karatasi ndogo
ambayo wateja hawaioni; yeye huisoma kwanza.
Niliibandika mwenyewe, mwezi wa kujenga,
rangi ingali mbichi, nisitake achungulie vyumba vitupu.
Nilidhani nimeibandua.

Mstari mmoja: Usiingie. Kisha mkwaju,
kialama kilichoinama, maana yake: popote.
Mkwaju ni tunda la kuumanisha meno, mkwaju ni fimbo,
na huu ulikuchapa miezi kumi na minne.
Kila usiku mgeni alikuja, akasoma, akageuka
bila kinyongo, bila kukuamsha.

Nikaufuta. Nikapunguza picha.
Nikayang'oa yale sitini meupe, moja moja, kama misumari.
Siku ya kumi na moja nikaziona nyayo zake kwenye daftari la seva:
ukurasa wa nta, saa tisa na dakika nne usiku.
Hukupanda kileleni. Ulikuwa wa thelathini na tano.
Ukauliza, kati ya wangapi?
Sikujua.

Jana imeingia barua kutoka Šiauliai.
Bibi Vilhelmina ana ulimi unaokoroma kwenye noti ya re;
amesoma kila kitu, anauliza habari ya kunusa:
harufu ya uyoga, je, ni mbaya?

Unamjibu tangu asubuhi, kidole kimoja.
Nami bado sijakwambia habari ya mkwaju.
Nimeiandika hapa, ukurasa wa arobaini na mbili,
usio na kiungo hata kimoja cha kuufikia,
na mlangoni pake, shangazi,
nimebandika karatasi.